Aliyeshika Sifuri

Vijana wa ofisini mmeniuliza mara nyingi kwa nini mtu wa kampuni yetu akipima nyumba lazima aseme "Nimeshika". Hata sasa mna vile vidude vya kupiga mwanga ukutani, visivyohitaji mtu wa pili, na bado Poni anawataka mseme. Mmoja wenu alisema ni ushamba. Siku ile nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na njaa. Sasa nimestaafu, nimekaa kwangu Munuki, hapa Juba, sina kazi ila kufukuza kuku wa jirani kwenye sukuma wiki zangu, basi nitawaeleza. Ya vyeo na mshahara nitayaruka. Vyeo havikuwepo, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilifika Juba kutoka Koboko baada ya amani, mtu mzima mwenye watoto, na cheti cha uchoraji wa ramani ambacho mchwa walikuwa wameanza kukisoma kabla ya waajiri. Ofisi ilikuwa vyumba viwili Hai Cinema, nyuma ya mama aliyeuza ful ya maharage na chai, kwa hiyo ramani zetu zote za miaka ile zina harufu ya kitunguu. Kampuni ilikuwa ya familia. Mzee Lado ndiye aliyeianzisha, na binti yake Poni alikuwa ametoka tu kusomea usanifu wa majengo Nairobi. Mzee alikuwa mfupi, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha juu hata jua likichoma. Alikitazama cheti changu pande zote mbili, na upande wa nyuma haukuwa na kitu.

"Kuchora unajua," alisema. "Kushika unajua?"

"Kushika nini, Mzee?"

"Sifuri."

Nilidhani ananitania. Kumbe hakuwa mtu wa utani kabla ya saa nne. Kwa wiki tatu sikugusa penseli. Kazi yangu ilikuwa kubana kichwa cha tepu ukutani, pale penye sifuri, huku yeye akiivuta hadi ukuta wa pili na kusoma. Nikishabana, niseme "Nimeshika". Asiposikia neno hilo, hasomi, hata kama ananiona kwa macho yake. Akishasoma anasema, "Nimesoma, achia," na hapo tu ndipo nilipoachia. Siku ya pili niliachia mapema, mkono ukiniuma. Hakunigombeza. Alikaa juu ya tofali, akaitazama tepu iliyolegea miguuni pake.

"Wewe ukiachia kabla," alisema, "mimi hapana jua wewe iko wapi."

Nyumba yenyewe ilikuwa na chumba kimoja, na mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake.

Vyombo vya kazi vilikuwa vichache. Kulikuwa na pima maji yenye ufa, timazi ya shaba ambayo Poni aliwahi kuisahau juani ikamwunguza kiganja, na daftari la vipimo. Daftari hilo lilikuwa na sheria yake: hakuna kufuta. Ukikosea unakata mstari mmoja, tarakimu ya zamani ibaki ikisomeka. "Kosa yako pia ni kipimo," Mzee alikuwa akisema. Kila Ijumaa mchana alilipitia ukurasa kwa ukurasa, na macho yake yalipoanza kuingia ukungu alitaka tumsomee. Kabatini kulikuwa pia na kopo la bati, ndani yake tepu ya zamani ya kitambaa, ya aina ambayo kichwani huwa na pete ya shaba. Hii haikuwa na pete. Mwisho wake ulikuwa umechanika, nyuzi zinaning'inia. Hakuna aliyeruhusiwa kuitumia wala kuitupa.

Poni ndiye aliyenieleza, siku moja tukinywa chai. Kampuni haikuanza na baba yake peke yake. Walikuwa ndugu wawili, Lado na mdogo wake Wani, vijana waliofundishwa kupima na mjenzi mmoja Mgiriki huku Juba, zamani sana, mimi nikiwa bado mgongoni kwa mama yangu. Lado alisoma, Wani alishika sifuri. Siku ambayo risasi zililia mjini walikuwa kazini Hai Jalaba. Lado alikimbia, akavuka mpaka, akaishia Arua. Wani hakuonekana tena.

"Auntie, hiyo ndiyo kitu inamkula," Poni aliniambia. "Hajui kama Uncle alitoka ama hakutoka. Kama alitoka, mbona hakumtafuta kakake? Na kama hakutoka..." Akapuliza chai iliyokuwa imeshapoa.

Tangu siku hiyo nilianza kuona nisichokuwa nikikiona kabla. Kila Jumapili baada ya misa, Mzee alisimama getini akiwauliza wazee wenzake kuhusu kijana mmoja mrefu mwenye pengo la jino. Wazee wakazidi kupungua, na yeye akazidi kudhoofu. Alitaka jibu kabla hajafa, na sote tulijua hivyo, ingawa hakuna aliyelitamka.

Miaka ikapita na nyumba zake. Nyingi nimezisahau. Sijasahau bibi mmoja wa Hai Cinema aliyekataa tupime chumba chake akiwa amelala. "Mimi hapana maiti," alituambia. "Ngoja niamke kwanza, halafu pima kitanda." Tulingoja kwenye baraza hadi alipoamka, na Mzee aliona ni jambo la haki kabisa.

Katikati ya miaka hiyo akaja Odongo, fundi mwashi kutoka Lira, mwenye kikohozi cha sigara na mdomo usiochoka. Mzee alipoacha kutoka kwenda kwenye nyumba, mimi nikawa msomaji na Odongo akashika sifuri. Alilipenda lile neno. "Nimeshika, Mama Asunta! Hata shetani hapana toa!" ndivyo alivyokuwa akiita, mitaa mizima isikie.

Sasa nafika kwenye nyumba yenyewe. Iko Hai Jalaba, nyumba ndefu ya mawe ya mfanyabiashara wa zamani: duka mbele, vyumba vitatu katikati, na stoo nyuma, vyote kwa mstari mmoja. Ilikaliwa na familia, kisha na wanajeshi, kisha na popo. Mmiliki mpya alitaka kubakiza uso wa mawe na kubomoa nyuma yote ajenge ghorofa. Alitupa wiki moja tupime na kuchora, Jumatatu mashine iingie. Nilipomwambia Mzee mahali ilipo, alikifungua kile kifungo cha juu, akakifunga tena.

"Pima vizuri," alisema tu.

Tulianza asubuhi, jua liko wazi. Duka na vyumba havikutusumbua. Stoo haikuwa na dirisha, ila ilikuwa na mlango wa pembeni wa kutokea uani, mbao zake zimeoza. Odongo akachukua kichwa cha tepu akaingia gizani. Mimi nilichuchumaa kwenye mlango wa ndani, nikaliweka daftari gotini na kuandika tarehe. Tepu ikakaza mkononi mwangu.

"Ana masiku," ikasema sauti kutoka ndani.

Hicho ni Kiarabu cha Juba, maana yake ni ile ile: nimeshika. Sikushangaa lugha, maana mjini hapa mtu anaanza sentensi sokoni na kuimaliza kanisani. Nilishangaa kidogo tu kwamba Odongo amesema maneno mawili akanyamaza. Nikasoma mita saba na sentimita sitini. Nikaandika. Nikafungua mdomo niseme "Nimesoma", na hapo nikasikia kikohozi nyuma yangu, upande wa barabara.

Odongo alikuwa amesimama dukani, ana chupa ya maji mkononi.

"Malesh, samahani, Mama Asunta. Vumbi iliingia kwa koo, mimi nikatoka kwa mlango ya uani. Tepu nimeacha chini."

Tepu ilikuwa bado imekaza. Sio kukaza kwa kunaswa. Wenye kazi hii mnajua tofauti: mkono wa mtu una mtetemo mdogo, wa pumzi. Ule mtetemo niliusikia kwenye vidole vyangu, na mbele yangu giza la stoo halikuwa na mtu. Sikuvuta. Sijui kwa nini sikuvuta, na hadi leo namshukuru Mungu. Nililiachia gurudumu la tepu likaanguka sakafuni, nikatoka hadi jua liliponigusa usoni.

Odongo aliingia na tochi, akaikuta tepu imelala kwenye vumbi, kichwa chake kiko chini ya ukuta wa mwisho. Alinicheka sana. Tukapima upya, yeye akishika na kupiga kelele zake za shetani, nikapata sita na arobaini. Nikaukata ule mstari wa kwanza, nikaandika wa pili.

Ofisini nilijumlisha. Nje ya nyumba, mwanzo hadi mwisho, ilikuwa na mita moja na ishirini zaidi ya ndani, hata baada ya kuhesabu kuta zote. Nilirudia mara tatu. Fundi mwaminifu angerudi kwenye nyumba. Mimi niliogopa ile nyumba, ndugu zangu, na pia niliona haya, maana ningesema nini? Mnajua tunavyofanya vipimo vikipishana kwa upana wa kidole: tunaligawa kosa, kila chumba kinapata kidogo, na hakuna anayeumia. Basi nikaigawa ile mita na ishirini. Vyumba vitano, kila kimoja sentimita ishirini na nne, kama mama anayegawa ugali usiotosha. Ramani ikatoka nzuri mno, stoo ikaonekana chumba cha kawaida chenye ukuta wa kawaida. Poni akaipitisha na kumpelekea mwenye nyumba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ijumaa ikafika, Mzee akakaa kwenye kiti chake, akafumba macho.

"Soma. Hata ile umekata."

Nilisoma duka, nikasoma vyumba. Nilipofika stoo niliweka kidole kwenye mstari niliokuwa nimeukata.

"Saba na sitini, Mzee. Nimeikata. Halafu sita na arobaini."

"Ile ya kwanza, nani alishika?"

Ningeweza kumtaja Odongo. Odongo mwenyewe alikuwa pale akichonga penseli, na angekubali ili tu tuende nyumbani. Lakini Mzee alikuwa amefumbua macho yale yenye ukungu, akayaelekeza kwangu.

"Sijui, Mzee," nilisema. "Odongo alikuwa nje. Mtu alisema 'Ana masiku'. Na tepu ilishikwa."

Kisu cha Odongo kikasimama. Poni akainua kichwa kutoka kwenye kompyuta.

"Sisi tulikuwa tunasema hivyo," Mzee alisema polepole. "Mimi na Wani. Hii Swahili nilijifunza Uganda, baadaye."

Kisha akatueleza, na binti yake alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza kama mimi.

"Ilikuwa hiyo stoo. Wani iko ndani, mimi iko kwa mlango. Alisema ana masiku. Mimi nikasoma. Kabla sijamwambia achia, kitu ikapiga nyumba. Vumbi, giza. Watu wanakimbia barabarani, risasi inalia. Nikaita Wani, Wani. Kimya. Nikavuta tepu. Ilikuwa nzito. Nikasema, imenaswa na msumari. Nikavuta kwa nguvu mpaka ikakatika, nikakimbia. Miaka yote hii nasema ni msumari." Akanyoosha mkono, akavuta hewa kidogo, mara mbili, kwa vidole viwili. "Lakini msumari hapana vuta. Ile ilinivuta. Hivi. Mara mbili."

Poni alianza kulia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, maana nilikuwa najua jambo ambalo wengine bado hawakulijua.

"Mzee, ile mita na ishirini haiko kwenye ramani. Nimeigawa."

"Auntie! Umegawa mita mzima?" Poni alisimama. "Mashine inaingia Jumatatu! Wangezoa kila kitu na kumwaga huko nje ya mji, na hatungejua!"

Nilistahili zaidi ya hayo. Nilingoja Mzee anifukuze, na ningekwenda. Yeye alikuwa anaitafuta kofia yake kwa kupapasa mezani.

"Yala, twende," alisema. "Leta lile kopo."

Tulifika Hai Jalaba mchana ule ule. Mwenye nyumba alilalamika kwamba tunamchelewesha. Poni akamwuliza kama angependa zaidi kuchelewa au kulaza wapangaji wake juu ya mtu, naye akatafuta kiti cha plastiki kwa ajili ya Mzee. Tulikiweka kiti kwenye mlango wa ndani, pale pale nilipokuwa nimechuchumaa. Odongo akagonga ukuta wa mwisho kwa tindo. Ulilia kama debe tupu.

Alitoa tofali moja moja, bila neno, na hilo pekee lilitosha kunitisha. Lilikuwa tofali la kuchoma lililopangwa kwa udongo na kupakwa lipu. Waliokuja baada ya siku ile hawakutaka taabu ya kuondoa kifusi. Walijenga ukuta mbele yake wakaendelea kuishi. Wahenga walituonya kuhusu nyufa, kwamba usipoziba utajenga ukuta. Hawa walijenga ukuta ili wasiangalie. Nyuma yake kulikuwa na dari lililoanguka, boriti nene ya mti, na mawe. Odongo alipiga magoti, akaendelea kwa mikono. Mahali hapo palikuwa na baridi isiyokuwa ya Juba.

"Mama Asunta," alisema baada ya muda mrefu. "Kuja wewe. Mimi hapana gusa."

Chini, penye mguu wa ukuta wa mawe, ule ukuta wa kweli, palikuwa na mifupa ya mkono. Mwili wenyewe ulikuwa chini ya boriti. Mkono ulikuwa umenyooshwa hadi ukutani, na kwenye mfupa wa kidole kulikuwa na pete ya shaba, na uzi wa kitambaa bado umefungwa kwayo. Nilimwambia Mzee nilichokiona, neno kwa neno, maana yeye hakuweza kukiona.

"Alikuwa anaingiza kidole ndani ya pete," alisema. "Nilimkataza. Nilimwambia shika kwa nje."

Nilijaribu kuitoa ile pete nimpe. Haikutoka. Niliogopa kuvunja kidole, nikaacha. Mzee akasema tumsogeze. Tulimbeba na kiti chake hadi ndani, akaitoa ile tepu kwenye kopo, akanyoosha mwisho wake uliochanika hadi ukagusa sakafu karibu na ule mkono. Alizungumza Kibari. Mimi ni Mkakwa, lugha zetu ni ndugu, na nilielewa kila neno.

"Wani," alisema, "nimesoma. Achia."

Nilinyoosha mkono tena, na pete ikatoka bila kuvutwa. Odongo husema ni udongo uliokuwa umelegea. Odongo ni mwashi, anaujua udongo. Mimi naandika nilichokishika. Niliiweka kiganjani mwa Mzee, naye akafumba ngumi na kulia hadi kofia ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Askari walikuja wakaandika yao, padri akaja, na tukamzika Wani kwao, ng'ambo ya mto. Mashine ilingoja wiki mbili. Kabla haijaingia, nilimwambia Poni lazima nichore ramani upya, na kwamba nitapima mwenyewe. Sikulala vizuri usiku wake. Asubuhi, kifusi kikiwa kimeondolewa, Odongo aliingia stoo na kichwa cha tepu, nami nikachuchumaa kwenye mlango ule ule.

Nilingoja. Nikasikia kikohozi.

"Nimeshika, Mama Asunta," akasema Odongo, kwa upole, bila shetani.

Nikasoma, nikamwambia achia, na tepu ikarudi mkononi mwangu nyepesi. Nilikaa pale kidogo nikisikiliza. Hapakuwa na kitu, na naona haya kusema kwamba niliumia kidogo.

Jioni nilimpelekea Mzee daftari. Alikuwa amelala chali, pete iko kwenye kamba shingoni. Sikumwambia nimepata ngapi. Nilimwuliza kwanza siku ile, kabla ya vumbi, yeye alisoma ngapi.

Hakufikiri hata kidogo.

"Saba na sitini," alisema.

Nikamwonyesha ukurasa wa asubuhi ile, wenye tarakimu hizo hizo, ingawa macho yake hayakuweza kuusoma. Alipapasa karatasi kwa kidole hadi alipopata mahali nilipoandika, akauliza kama safari hii nimeikata. Nikamwambia hapana, Mzee, imebaki.